Nyumba za Mwamgongo: piga picha jioni, siyo asubuhi
Kaka, umeuliza saa nzuri ya kupiga picha nyumba za Mwamgongo, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma: ni jioni, kuanzia saa kumi. Ufukwe wa Kigoma unatazama magharibi na jua linachomoza nyuma ya milima, kwa hiyo asubuhi kijiji bado kiko kivulini. Jioni linashukia upande wa Kongo, linamulika kuta za tofali hadi nyufa za udongo unazihesabu. Nilikaa kule, picha zangu za asubuhi zote zilitoka za bluu tu.

Ila wavuvi wa dagaa uwawahi alfajiri wakirudi na taa zao, tena siku za giza. Mbalamwezi ikiwa kali wengi hawaingii ziwani. Akina mama wanaoanika dagaa uwaombe ruhusa kwanza, kamera ikiwa bado begani.