Filimbi ni ya Mwizi: Niliyojifunza Nikisimamia Kikundi cha Zimamoto cha Mtaa

Usiku wa kwanza kikundi chetu kilipoitwa kazini, watu walikuja na marungu. Moto ulikuwa umeshika kwenye jiko la uani kwa mama mmoja muuza chapati. Nikapuliza filimbi kama tulivyokubaliana kikaoni, na kufumba na kufumbua nimezungukwa na wanaume wenye fimbo, mapanga na tochi, wote wanauliza, "Yuko wapi?" Filimbi mtaani kwetu ilikuwa ya ulinzi shirikishi miaka mingi kabla ya sisi kuzaliwa kama kikundi. Ikilia, kuna mwizi. Ndoo hakuja nayo hata mmoja. Wakati sisi tunaelezana, mama mwenyewe alishalowesha gunia akaufunika moto wake, akabaki anatutazama.

Kesho yake tulitundika rimu ya lori kwenye mwembe karibu na ofisi ya serikali ya mtaa, kama zile za shule za msingi, na nondo ya kugongea ikafungwa pembeni kwa mnyororo. Filimbi ya mwizi, rimu ya moto. Baadaye tukazungumza na msikiti na kanisa, nao wakakubali kutangaza kwa vipaza sauti vyao. Anayetangaza hataji "moto" tu, anataja na nyumba ilipo, maana watu wakisikia moto bila mahali kila mmoja hukimbilia kwake kwanza.

Huu ni mwaka wa sita nasimamia kikundi hiki, huku Temeke, Dar es Salaam. Naandika kwa sababu kila baada ya muda napigiwa simu na mtu wa mtaa mwingine: "Mzee, tunaomba katiba yenu, tunataka kuanzisha na sisi." Katiba tunayo, ya vifungu 23. Tuliinakili kutoka kikundi cha vikoba. Ina faini ya kuchelewa kikao, ina rambirambi, ina utaratibu wa kumwondoa katibu. Haina mstari hata mmoja unaosema nani anapiga simu 114, namba ya dharura ya zimamoto. Kwa hiyo simpi mtu katiba ile. Ninachompa ni haya.

Kwanza mjue nyinyi ni nani. Nyinyi si Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Lile limeundwa kwa sheria ya mwaka 2007, lina askari waliosomea na lina magari. Nyinyi kazi yenu ni dakika zile za mwanzo, kabla gari halijafika, na kulisaidia gari hilo lifike. Basi. Likishafika, kamanda wao ndiye anayeamuru, hata kama ni kijana wa umri wa mwanao na wewe umeloa jasho tangu saa nzima. Nimewahi kuona wazee wanabishana na askari kuhusu mpira wa maji upite wapi huku paa linaungua. Kwetu msimamizi anamfuata kamanda, anamweleza mambo matatu: nani bado hajaonekana, umeme umekatwa au la, mitungi ya gesi iko chumba gani. Kisha anarudi nyuma na watu wake.

Simu sasa. Siku ya moto wetu wa pili, kila mtu alidhani mwenzake ameshapiga. Watu zaidi ya hamsini, simu mkononi, wengine wanarekodi video, na 114 haijapigwa. Tangu hapo tuna wapiga simu wawili kwa majina, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, na hawaruhusiwi kugusa ndoo kabla hawajapiga. Namba haina malipo, kwa hiyo hakuna cha "sina salio". Anasema kinachoungua ni nini, kuna mtu ndani au hakuna, na gari liingilie barabara ipi. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba zina namba na mitaa ina vibao, na namba tunaitaja, ila tunaongeza na "ukipita kituo cha daladala, kona ya duka la dawa". Mwendesha bodaboda mmoja anakwenda kusubiri barabara kuu, akiliona gari analitangulia.

Linapita wapi, hilo ndilo lililotuletea ugomvi mkubwa kuliko yote. Mtu ameongeza baraza, mwingine ameweka kibanda cha chipsi, wa tatu analaza Noah yake pale pale kila jioni. Kumwambia mtu "umeziba njia" ni kutafuta maneno. Tulichofanya ni kuchukua kamba ya mita tatu. Watu wawili wanashika ncha, wanatembea mtaa mzima kamba ikiwa imenyooka. Ikilegea, hapo gari la zimamoto halipiti. Hatumtaji mtu, kamba ndiyo inayosema, na mwenyekiti wa mtaa anatembea nyuma yetu na daftari. Kibanda cha chipsi kilisogea wiki hiyo hiyo. Baraza moja mpaka leo lipo, mwenye nyumba ni mkaidi, na tumebaki na njia ya kuzungukia nyuma.

Orodha ya wanachama msiijaze vijana tu. Mwanzoni tulikuwa 31, karibu wote wanaume wenye nguvu, tukajiona jeshi. Moto wa tatu ukawaka saa nne asubuhi, siku ya kazi. Wenye nguvu wote walikuwa Kariakoo, bandarini, viwandani. Waliouzima ni akina mama watano, fundi cherehani na waendesha bodaboda waliokuwa kijiweni. Siku hizi orodha yetu haipangwi kwa umri wala kwa cheo. Inapangwa kwa nani anashinda mtaani mchana na nani analala mtaani usiku. Naibu wangu wa mchana ni mama ntilie, na amri zake hazirudiwi mara mbili. Chini ya miaka 18 hatuandikishi, hata mzazi akija kuomba.

Maji tuna tangi la lita 2,000. Linasikika kubwa, lakini ni ndoo mia za lita 20 tu. Na ndoo ya lita 20 ni kilo ishirini. Ikipita mikono kumi, nusu imemwagikia miguu ya watu na wa mwisho hana nguvu ya kurusha. Tumieni ndoo za lita 10. Mstari mmoja unapeleka zilizojaa, mwingine unarudisha tupu, na asiwepo anayekimbia na ndoo peke yake. Zamani ndoo za zimamoto zilitengenezwa na kitako cha duara, zisikae chini, ili asije mtu akaziazima kwa kazi nyingine. Aliyebuni zile alishawahi kuishi uswahilini, nakwambia! Zetu tulizipaka rangi nyekundu na bado tulizikuta kwenye shughuli, zimejaa mchele umeroweka. Sasa zinafungiwa, funguo zipo kwa watu watatu wanaoishi nyumba tofauti, na aliyeazima analipa ndoo mpya.

Siyo kila moto ni wa maji, na hili tunalirudia kila mwezi mpaka watu wanachoka. Karai la mafuta ya kukaangia likishika moto ukalimwagia maji, mafuta yanaruka na moto unapaa hadi darini. Zima jiko ikiwa unafikia, funika kwa mfuniko au kitambaa kizito kilicholowa na kukamuliwa, usilibebe kulitoa nje. Umeme haumwagiwi maji kabla swichi kuu haijazimwa, na kila mwanachama anajua swichi kuu ya nyumba tano zinazomzunguka iko wapi. Gesi ikivuja bila kuwaka, inakaa chini kwa sababu ni nzito kuliko hewa: funga koki, fungua milango, usiguse swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima. Mtungi ukiwa tayari unatoa moto na koki haifikiki, ondoa watu, muwe mbali. Tunao pia mitungi ya kuzimia moto ya unga, ya kilo 6. Watu wanafikiri mtungi ule unakaa muda mrefu, kumbe ni kama sekunde ishirini hivi umekwisha. Chomoa pini, lenga kwenye shina la moto, usilenge ndimi.

Na lori la mafuta likianguka, kikundi chetu hakina kazi ya kuzima. Kazi yetu ni kufukuza watu. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, watu walikwenda kuchota petroli iliyomwagika, lori likalipuka, wakafa zaidi ya mia moja. Kila mwanachama mpya namsimulia Msamvu kabla sijamwonyesha ndoo ilipo.

Sasa nifike kwenye kanuni iliyonigharimu urafiki. Haingii mtu ndani kufuata mali. Nyumba zetu nyingi ni zile za Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, madirisha yana nondo, mlango mmoja mbele na mmoja uani. Korido ikishajaa moshi ni mtego. Mwaka wetu wa pili kijana mmoja, mwanachama mzuri sana, alirudi ndani kufuata televisheni ya jirani. Alitoka nayo. Alitoka pia na mkono ulioungua mpaka kwenye kiwiko, na televisheni ilikuwa imeshaharibika. Nilimsimamisha miezi mitatu akiwa bado ana bandeji. Baba yake hajanisemesha vizuri hadi leo, na ningekuwa na nafasi ya kurudia, ningefanya vilevile.

Kwa ajili ya mtu tunaingia, lakini wawili wawili, na msimamizi ameandika majina yao mkononi kwa kalamu kabla hawajaingia. Ndiyo maana msimamizi hashiki ndoo. Akishika ndoo hakuna tena anayejua nani yuko wapi. Mlango uliofungwa unaguswa kwa mgongo wa kiganja; ukiwa wa moto, haufunguliwi. Moshi ukishashuka usawa wa kifua, hatuingii, tunakwenda dirishani na mtarimbo kung'oa nondo kwa nje. Na kitambaa kibichi puani kisimdanganye mtu: kinapunguza masizi, ile gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi inapita kama hakuna kitu. Bati nazo zikumbukwe. Mbao zikiungua, zinashuka zote kwa mkupuo.

Vyombo vilivyotolewa nje na wenyewe huwa vinaibwa, tusidanganyane. Wapo wanaokuja "kusaidia" na kuondoka na redio. Tulijaribu kuwaweka vijana walinde, tukaishia kuwashuku vijana. Sasa wanaolinda ni bibi wawili, wanawekewa viti kando ya lundo na daftari. Hapana kibaka wa mtaani anayemsogelea bibi anayemjua mpaka mama yake.

Hela sitaieleza sana. Kila nyumba shilingi 1,000 kwa mwezi, mapato na matumizi yanabandikwa ukutani kwa mwenyekiti, mweka hazina hatunzi funguo za stoo. Mfadhili akija na fulana, mwombeni mpira wa maji. Sisi tulipokea fulana arobaini kabla hatujawa na mpira hata mmoja, tukapendeza sana kwenye picha.

La mwisho ni usiku baada ya moto, wakati kila mtu amechoka na anataka kulala. Kwetu wawili wanabaki mpaka kunapambazuka, wakiwa na ndoo zilizojaa. Tulijifunza kwa godoro la sufi. Tulikuwa tumelimwagia maji, likatoa mvuke, tukaliburuta hadi barazani kwa jirani na kwenda zetu. Moto ulikuwa umejificha katikati ya sufi. Saa tisa usiku likawaka upya, safari hii chini ya paa la nyumba ambayo haikuwa imeungua, na aliyetuamsha ni mbwa. Tangu siku ile godoro linachanwa kwa panga, linafunuliwa sufi yote, linaloweshwa, na linaachwa katikati ya barabara.