Ada ya maegesho imepandishwa kwenye nyumba za umma: anza na mkataba

Ndugu mpangaji wa Tabora, kupandishiwa kibali cha maegesho kutoka 10,000 hadi 25,000 kwa mwezi, tena kwa tangazo la ukutani tu, kunaumiza.

Kwanza soma mkataba. Kama maegesho yametajwa ndani ya kodi, wenye nyumba hawawezi kuyatoza upya bila kuubadilisha mkataba pamoja nawe. Kama ni kibali cha pembeni, tafuta kipengele cha mabadiliko ya ada na muda wa notisi. Hakikisha pia nani anatoza: barabara ya nje ikiwa chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, kumlalamikia mwenye nyumba ni kupoteza muda.

Kisha wapangaji mwandike barua moja, kila mmoja aweke namba ya nyumba na sahihi. Ombeni msingi wa ada mpya kwa maandishi. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri watasema hawakuiona.

Wakati mnasubiri, lipa kiwango cha zamani kwa namba ya malipo, utunze risiti. Kodi usiiguse kabisa! Ukiizuia unawapa sababu ya kukutoa.

Wakitishia kufunga gari mnyororo au kukuondoa, muone wakili au msaidizi wa kisheria kabla ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.