Kabla hujapigilia msumari, usome kwanza ubao

Kizimba changu cha kwanza cha mboji nilikijenga kwa kabati la nguo. Ndiyo kwanza nimepata kishamba cha kukodi cha halmashauri hapa Uingereza, baada ya kusubiri zamu miaka, na nilikuwa na haraka. Kabati lilikuwa limetupwa barabarani, nikalibeba. Lilikuwa la chipbodi, ule unga wa mbao unaogandishwa kwa gundi na kubandikwa plastiki juu. Kufika Februari mvua zilishalivimbisha kama andazi. Kuta zikamomonyokea ndani ya mboji, na baridi ilipopungua nikashinda siku nzima nimechuchumaa, nachambua vipande vyeupe kimoja kimoja kwenye udongo niliotaka kupandia mchicha.

Tangu hapo natumia paleti, yaani majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo. Nne zinatosha: simamisha tatu, ya nne iwe mlango mbele. Utapata karibu mita moja kila upande, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu lundo dogo halishiki joto. Nafasi kati ya mbao zinapitisha hewa.

Lakini tafuta muhuri. Paleti za mizigo ya kimataifa huchomwa alama ya suke la ngano, na pembeni yake herufi mbili za nchi zilikotoka. Unazozitaka ni HT: ubao umepashwa moto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30 kuua wadudu, bila dawa. Ukiona MB, iache hapo hapo. Hiyo imefukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu. Isiyo na muhuri iangalie madoa, inuse, na ukisita usiichukue. Zilizopakwa rangi ya buluu mara nyingi ni mali ya kampuni inayozikodisha, kwa hiyo omba kwanza.

Kuna wanaosifia mataruma ya zamani ya reli kwamba hayaozi. Ni kweli huchelewa kuoza, ila yanalindwa na kreosoti, dawa ya lami yenye sumu, na siku ya jua kali utaiona ikichuruzika nyeusi ubavuni. Mbao kuukuu za uzio nazo nazikwepa, maana nyingi zilitiwa dawa yenye aseniki, ambayo ni sumu. Chakula cha wanangu kinatoka kwenye mboji hii, sitaki kubahatisha.

Mabati ni mazuri kwa kufunika juu mvua isiloweshe lundo, si kwa kuta. Chini usiweke sakafu, acha minyoo ipande yenyewe kutoka ardhini. Tandika tu wavu wa chuma wenye matundu madogo, usiozidi milimita 13, kwa ajili ya panya. Wavu wa kuku hawauogopi, wanautafuna.

Funga kwa skrubu, si misumari, kwa sababu paleti huoza na utataka kuzibadilisha. Ya nyuma kwangu imeshaanza kulainika chini. Nyingine, yenye HT inayosomeka vizuri, nimeiegemeza kwenye kibanda.