Jibu kwa dada wa Igombe: mtoto aliyezaliwa na mpasuko wa viganja na nyayo

Dada, hongera kwa kujifungua. Umeandika kwamba mwanao wa wiki tatu hana vidole vya kati mikononi, viganja vina mpasuko, na kila mguu una vidole viwili vikubwa. Mama mkwe anadai jambo hili limetoka kwenu kwa kuwa ukoo wao haujawahi kuliona, na ndugu wanahimiza upasuaji wa haraka. Mimi nilizaliwa hivyohivyo, na baba yangu kabla yangu. Kazi yangu ni kushona nyavu zilizochanika hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, kazi ya vidole kutwa nzima.

Kuhusu lawama: hali hii madaktari huiita ektrodaktilia. Mikono na miguu ya mtoto hujiumba kati ya wiki ya 4 na ya 8 ya mimba, wakati wengine hata hawajajua kama ni wajawazito. Mara nyingi chanzo ni badiliko katika jeni, yaani chembe za urithi. Hakuna mtu uliyemcheka wala mwiko uliovunja. Badiliko hilo huweza kuanza kwa mtoto mwenyewe, na huweza kutoka kwa mzazi mwenye vidole kamili, maana wapo wanaolibeba bila kuonyesha dalili. Kwa hiyo hakuna ukoo unaoweza kujitoa kwa kuangalia vidole tu, wenu wala wao. Ila maneno hayo kwa mama mkwe ayapeleke mumeo, yeye ni mwanawe.

Katika aina ya kurithi, kama yetu, kila mimba ya mzazi mwenye badiliko hilo ni sawa na kurusha sarafu: mtoto alirithi au asilirithi. Binti yangu anayo, mdogo wake hana.

Sasa upasuaji, na hapa nakuomba unisikilize sana. Si kila mpasuko unahitaji kisu. Mkono ambao watu wanauonea huruma huweza kushika vizuri ajabu, kwa sababu mtoto hajawahi kuwa na mwingine na ubongo wake hujifunza nao tangu mwanzo. Mimi nashika sindano ya nyavu, naandika, nafunga vifungo. Anayeharakisha kuuziba mpasuko ili mkono upendeze kwenye picha anaweza kupunguza nguvu ya kubana vitu. Zipo sababu za kweli za kupasua: kidole gumba kilichoungana na jirani yake, mfupa uliokaa kingamo unaozidi kuupanua mwanya, au mguu usioingia kwenye kiatu chochote. Kwa mkono, mara nyingi hufanyika mtoto akiwa na mwaka mmoja hadi miwili, na vidole visivyolingana urefu vilivyoungana huweza kutenganishwa mapema zaidi. Mpeleke hospitali ya Bugando mkamwone daktari wa mifupa, na umuulize swali moja: baada ya upasuaji huu mwanangu ataweza kufanya nini asichoweza leo? Akikosa jibu, subirini.

Lisilosubiri ni kumkagua mwili mzima. Wakati mwingine mpasuko wa viganja huja na mdomo sungura au kaakaa lililopasuka, njia za machozi zilizoziba, nywele chache, na baadaye meno pungufu; mara nyingi hapo chanzo ni badiliko katika jeni iitwayo TP63. Maziwa yakimtokea puani anaponyonya, au macho yakitoa machozi na tongotongo kila wakati, usingoje. Waombe pia watazame mifupa ya miundi, kwa sababu kuna aina inayoigusa, na wampime masikio. Kama ni vidole peke yake, akili yake haina tatizo lolote kwa sababu ya hali hii.

Usimfiche mikono kwa soksi wageni wakija. Mwache ashike titi, shuka, kijiko, matope ya ziwani. Shuleni atakutana na mwalimu wa kumlazimisha kushika penseli kama wenzake. Mimi nilikutana naye, na mwandiko wangu ulinyooka siku alipoacha. Mwende mapema mkaongee.

Viatu visikuumize kichwa. Akianza kusimama, chora unyayo wake kwenye karatasi umpelekee fundi, akukatie makobazi mapana mbele, yenye mkanda nyuma ya kisigino. Binti yangu huvaa hayo na anacheza nage nayo.