Zana ya QR inayotumiwa na wakala wa akili mnemba: maelezo yake yaandikwe vipi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nimeandika zana ndogo kwa Python inayotengeneza QR, nikaiunganisha na wakala wa akili mnemba kupitia MCP, ile itifaki ya kuunganisha zana na akili mnemba. Maelezo niliyoiwekea ni maneno mawili tu: "Hutengeneza QR." Nikiijaribu mwenyewe inafanya kazi vizuri. Akiitumia wakala, mara QR ya Wi-Fi inakataa kuunganisha simu, mara picha ikichapishwa haisomeki. Niongeze nini?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Wewe ukiitumia zana hiyo unajua ulichokusudia ulipoiandika. Wakala haioni programu yako kwa ndani. Anachopewa ni jina la zana, maelezo yake na orodha ya vigezo. Usipomwandikia jambo, atalikisia.

Nianze na Wi-Fi, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Simu husoma mstari wa namna hii:

WIFI:T:WPA;S:DukaLetu;P:chai;moto;;

Nenosiri hapo ni chai;moto, lakini nukta mkato ndiyo inayotenganisha sehemu za mstari, kwa hiyo simu inaishia kwenye "chai". Iliyo sahihi ni P:chai\;moto. Sasa nani aweke hiyo alama ya \? Zana ikiiweka, na wakala naye akaiweka kwa kuwa anaijua kanuni hiyo, zinakuwa mbili na nenosiri linaharibika upya. Ndiyo maana nakushauri usimwachie wakala autunge mstari mzima. Mpe vigezo vitatu: jina_la_mtandao, nenosiri na ulinzi, hicho cha mwisho kiwe na orodha iliyofungwa ya WPA, WEP na nopass (mtandao usio na nenosiri). Kisha kwenye maelezo ya nenosiri andika: "Lilete kama mtumiaji alivyolitoa. Usiongeze wala usipunguze alama yoyote. Zana itarekebisha yenyewe." Sentensi ya namna hiyo iliniondolea tatizo hili kabisa.

Kuhusu picha isiyosomeka, nadhani una kigezo cha upana kwa pikseli. Angalia hesabu yake. QR ina matoleo 40, kuanzia vimraba 21 kwa 21 hadi 177 kwa 177. Toleo la 10 lina vimraba 57 kila upande, na ukiongeza ukingo mweupe wa vimraba 4 kushoto na 4 kulia unapata 65. Wakala akiomba upana wa pikseli 200, kila kimraba kinapata pikseli 3 na kipande kidogo. Programu ikilazimisha zitimie 200, kingo za vimraba zinafifia. Badilisha kigezo kiwe "pikseli kwa kila kimraba", namba kamili, na useme 10 inafaa kwa kuchapisha. Andika pia kwamba ukingo mweupe hauondolewi hata mtumiaji akitaka picha ijae, na kwamba vimraba viwe vyeusi kuliko mandhari. Niliwahi kumpelekea mteja stika zenye rangi zilizogeuzwa, nyeupe juu ya nyeusi. Simu yangu ilizisoma, ya kwake ikagoma, na kazi yote ikarudiwa.

Kiwango cha kusahihisha makosa kielezee kwa matumizi, kwa sababu herufi L, M, Q na H peke yake hazimsaidii wakala kuchagua. L huvumilia uharibifu wa takriban asilimia 7, M 15, Q 25, H 30. Mwambie: M kwa kawaida, H ikiwa nembo itakaa katikati. Kila kiwango kikipanda nafasi inapungua: L inabeba hadi baiti 2,953, H 1,273 tu. Data ikizidi, zana isijibu "imeshindikana". Ijibu: "Data ni baiti 1,400, kikomo cha H ni 1,273. Punguza data au tumia Q." Wakala akipata jibu la namna hiyo anajisahihisha bila kukusumbua.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kile zana inachorudisha. Ukirudisha picha nzima kama maandishi ya base64, yaani picha iliyogeuzwa kuwa mfululizo mrefu wa herufi, unajaza mazungumzo bure, na wakala hawezi kuyasoma maandishi hayo akajua QR imebeba nini. Rudisha njia ya faili pamoja na matini ambayo zana yenyewe imeyasoma tena kutoka kwenye picha iliyomaliza kuitengeneza, uyaite matini_yaliyosomwa. Halafu mwagize kwenye maelezo: "Linganisha matini_yaliyosomwa na ombi la mtumiaji kabla ya kumkabidhi faili." Mawakala hupenda kufupisha viungo au kuongeza https:// pasipoombwa, na hapa ndipo utawanasa.

Ongeza na mstari wa lini zana isitumike, kwa mfano mtu akitaka kusoma QR aliyonayo tayari.

Ukimaliza, fungua mazungumzo mapya na wakala, umwombe QR ya mtandao ambao nenosiri lake lina nukta mkato. Ichapishe kwenye karatasi, uijaribu kwa simu mbili tofauti. Ikigoma, rudi kwanza kwenye maelezo kabla hujagusa programu.