Mnara wa baba yako, na kile kivuli

Mwanangu,

Picha uliyotuma nimeiona, ni ile aliyopiga baba yako enzi za ubaharia, ya kwenye albamu uliyoibeba bila kuomba, haya yameisha. Unauliza lile kanisa la Nikolai liliungua kwenye moto mkubwa wa Hamburg, huko Ujerumani, wa 1842 kama anavyosema mwenzako wa kazini, au ni vita. Siku zote nawaambia, picha usiangalie katikati, angalia pembeni. Moto wa 1842 uliunguza kanisa lililokuwepo kabla, hili la kwenye picha alilichora Mwingereza, George Gilbert Scott, na mnara ukaisha 1874, mita 147, miaka miwili mizima ndo lilikuwa jengo refu kuliko yote duniani. Alafu 1943 ndege za Waingereza haohao zikaja na mabomu na marubani wakautumia mnara huohuo kujua wamefika wapi, mji ukaungua, mnara ukabaki umesimama. Sasa angalia pembeni: nyuma ya mnara palitakiwa pawe na kanisa lenyewe, hamna, mbingu tu na kipande cha ukuta, kwa sababu kuta nyingi zilizobaki zilibomolewa 1951. Ule weusi usikubabaishe, mji wa bandari mawe yanakunywa moshi wa makaa miaka na miaka hata bila vita.

Ila mimi nashangaa huulizi la maana. Mtu yuko melini miezi, mkewe yuko Tanga na mtoto mgongoni, anaandika nitumie picha yako nione kama unakula, bahasha inafika, stempu nzuri, nafungua mbele ya bibi yako na mashangazi zako wote, ni gofu! Bibi yako akaanza kulia eti mwanawe kapelekwa vitani, ikabidi mimi niliyekasirika ndo nimbembeleze yeye. Mpaka leo mashangazi zako wakitaka kunichokoza wananiuliza mume wangu mnara hajambo?

Nikaiweka. Baadae sana, nyie mmelala, nikaitoa nikaangalia pembeni, chini kulia, na wewe angalia hapohapo. Kuna vivuli viwili. Kimoja kina kofia, ni yeye, mabega yale nayajua. Kingine je? Nikamuuliza aliporudi, akasema nguzo ya taa. Nimemuuliza tena juzi ulipotuma, kasema nguzo ya taa, wala hakuinua macho kwenye kahawa.

Labda namwonea. Mabaharia walikuwa wanatembea makundi, kivuli kinaweza kuwa cha rafiki yake yeyote, na hela alikuwa analeta, hatujalala njaa hata siku moja. Lakini kama ni rafiki si angesema rafiki? Na rafiki si angemshikia kamera nikapata sura ya mume wangu? Basi, hukumu sitoi, mimi nimezeeka na mtu wangu vizuri tu. Ila nguzo nilizoziona mimi maishani hazivai gauni.

Kutoka Bremen mpaka Hamburg ni kama lisaa limoja tu na treni. Wanasema saivi kuna lifti ya kioo inakupandisha mita 76 ndani ya mnara, usianze na lifti. Simama kwanza pale aliposimama baba yako, jua likiwa mgongoni, uangalie kama kuna nguzo yoyote ya taa. Na ujibu kwenye simu yangu mimi, siyo ya kwake.

Mama yako