Wawili kwenye baiskeli, wawili kwenye kayaki

*Shikamoo mzee. Mimi na mke wangu tunaendesha baiskeli ya watu wawili bila shida, lakini tukipanda kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha makasia, ni ugomvi mtupu. Tunakosea wapi?* (Mume, Mwanga, Kigoma)

Marahaba. Nahisi mnakaa kwa mazoea ya baiskeli. Kule mkubwa ni wa mbele: usukani, breki na gia vyote viko mikononi mwake. Mnyororo nao unaunganisha pedeli zenu, kwa hiyo hata mkinuniana miguu inazunguka pamoja. Majini hakuna mnyororo. Wa mbele anatoa mwendo wa makasia, wa nyuma anamfuatisha huku akielekeza chombo. Ukipiga kwa pupa zako makasia yanagongana, mama anamwagiwa maji kisogoni, na maneno yanaanza. Si bure watu wa mchezo huu huitania kayaki ya wawili kuwa ni boti ya talaka! Mwenye uzoefu akae nyuma. Na shemeji akisema "kulia", usikimbilie kupiga kasia upande wa kulia. Chombo kitakwenda kushoto.

*Kipi chepesi: kupanda na baiskeli ya wawili kutoka stesheni hadi Mwanga, au kupiga kasia hadi Kibirizi?* (Kijana wa Ujiji)

Kasia, ziwa likitulia. Baiskeli ile hukimbia kwenye tambarare, maana wa mbele anamkinga wa nyuma na upepo. Mlimani mtaisukuma tu, kama wabeba mawese.

*Rafiki yangu haoni. Naweza kumpandisha?* (Mwalimu, Kasulu)

Tena vyote viwili. Kwenye Paralimpiki wasioona hushindana kwa baiskeli za wawili, anayeona akiwa mbele. Kwenye kayaki mgeuze: akae mbele yeye. Kutoa mwendo hakuhitaji macho, na wewe nyuma unaona njia. Mtajie tu wimbi kabla halijafika, na umwachie aupapase mpini wa kasia mpaka ajue bapa limeelekea wapi. Nadhani hapo kayaki inaishinda baiskeli, kwa sababu yeye ndiye anayeongoza mwendo.

*Najua kuogelea tangu utoto. Jaketi la kuokolea la nini?* (Katonga)

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale penye kina zaidi, na kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini mashariki huinua mawimbi. Vaa, ufunge vifungo vyote. Mkipinduka, shikilieni kayaki, msiogelee kukimbilia nchi kavu.